Uliza Anko: Mganga mpelelezi, fisi-mtu na maiti za Nkuhungu

Mbukwenyi wadau. Toleo lililopita tuliweka kipande cha hadithi ya msomaji wetu: mganga wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anagongewa mlango na polisi saa nane usiku akaangalie maiti iliyotafunwa nyuma ya nyumba ambayo haijaisha kujengwa, mtaa mzima unasema kuna mtu anageuka mnyama, na hiyo sio maiti ya kwanza. Kipande kilikuwa kifupi ila maswali yaliyokuja aisee, wengine wameanza kuandika za kwao, wengine wanabishana tu. Yanayofanana nimeyaunganisha.

*

*Shikamoo Anko. Mi ndo mwenye ile stori. Kwenye kichwa changu muuaji alikuwa mtu anayegeuka mbwa mwitu wa Ulaya kama kwenye muvi, ila washkaji wamenicheka wanasema huyo mnyama Dodoma atakufa na kiu kabla hajaua mtu. Niweke nani, simba, chui au fisi?*
— Kijana wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Washkaji wako wana hoja ila shida sio kiu. Wazungu walimuogopa yule mnyama kwa sababu alikuwa anawaingilia zizini kweli, na Ufaransa kule Gévaudan kati ya 1764 na 1767 kuna mnyama aliua watu karibu 100 mpaka mfalme akatuma wawindaji wake. Hofu yao ilikuwa na miguu, walikuwa wanaiona ikipita. Sasa we jiulize hofu ya huku kwetu inapita wapi usiku, na jibu unalo, ni fisi, maana hakuna mtu amekulia Bahi au Chamwino ambaye hajawahi kuambiwa fisi yule sio wa hivi hivi, ana mwenyewe.

Na usidhani ni maneno ya bibi zetu peke yake. Kuna mtafiti anaitwa Robert Gray alikaa na Wambugwe, hapo juu upande wa Babati, akaandika kwamba wao waliamini kila mchawi ana fisi wake, anamwekea alama kama unavyomwekea ng'ombe, usiku anampanda, na anamkamua maziwa. Fisi anakamuliwa! Halafu siagi yake inawasha mienge wakienda kwenye shughuli zao. Unayo hiyo halafu unahangaika na mbwa wa kwenye theluji?

Simba mwachie Singida, nitamfikia huko chini. Chui ni mzuri ila anaua kimya kimya mno, mtaa hautapata cha kuongea. Fisi ana kilo 45 mpaka 80, anavunja mfupa wa ng'ombe, analia kama anacheka, na kubwa kuliko yote anakula hata asichoua. Ukikuta maiti imeliwa na fisi bado hujui imeuawa na nani, hapo ndo kesi inaanzia.

*

*Anko habari za kazi. Mi ni muuguzi, nimependa ile stori ila mganga wako anafika tu, anafumba macho, anajua. Kwenye maisha ya kweli mtu anajuaje kama ni mnyama au ni binadamu kajifanya mnyama?*
— Msomaji, Area C

Nzuri kabisa dada, na umegusa penyewe. Mi namshauri yule kijana mganga asifumbe macho, ayafumbue. Waganga wengi wa zamani walikuwa wanajua wanyama kuliko mtu yeyote mjini kwa sababu walikuwa wanashinda porini wanachimba mizizi, sasa hicho ndo kipaji chake cha kwanza, uchawi uje baadaye.

Aanze na nyayo. Simba na chui wanatembea kucha zimefichwa, unyayo wao hauna alama za kucha, fisi na mbwa kucha zinaonekana mbele ya vidole. Kwa hiyo mtu akivaa guu la simba lililokaushwa akasahau akaacha na kucha zimechomoza, ameshakamatika hapo hapo. Fisi miguu ya mbele ina nyayo kubwa kuliko ya nyuma, mtu anayeigiza atapiga zote saizi moja na zitaenda mbili mbili maana yeye anatembea kwa miguu miwili hata akivaa ngozi ya nani. Kama kuna kinyesi aangalie, cha fisi kikikauka kinakuwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayokula.

Halafu damu. We muuguzi unajua, kidonda alichopata mtu akiwa hai kinavuja na nyama inavimba pembeni, alichopata akishakufa hakifanyi hivyo. Kwa hiyo daktari akisema haya meno yaliingia marehemu akiwa ameshakata roho zamani, na hapa shingoni kuna alama moja nyembamba iliyovuja sana, basi fisi ni shahidi tu, hajaua. Mate yaliyobaki kwenye nguo yanachukuliwa sampuli yanaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hapo mwandishi ana zawadi ya bure kabisa, yale majibu hayaji kesho asubuhi kama kwenye tamthilia, kwa hiyo mtaa una muda wa kutosha wa kuchoma nyumba ya mtu ambaye sio.

*

*Anko mambo. Nasoma sheria UDOM. Swali langu fupi: polisi wanaweza kweli kumtumia mganga? Naona kama hadithi nzima ni kosa la jinai.*
— Mwanafunzi

Poa mwanangu. Swali fupi jibu refu, vumilia.

Kuna Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ya tangu 1928 enzi za Mwingereza, ipo mpaka leo. Kujitangaza kwamba una nguvu za uchawi ni kosa, kuwa na vifaa vyake ni kosa, na kumnyooshea mtu kidole kwamba ni mchawi nako ni kosa. Kuna na kifungu kimoja watu wengi hawakijui, Mkuu wa Wilaya anaweza kuamuru mtu anayetuhumiwa uchawi ahamishiwe sehemu nyingine akakae huko. Upande wa pili kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya 2002, hiyo inamtambua mganga, inamtaka asajiliwe na Baraza, yaani akiwa anatibu kwa dawa za mitishamba na ana cheti ukutani yuko salama. Ila kupiga ramli ni habari nyingine, Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na wengi walikamatwa.

Sasa mtazame mganga wetu. Cheti anacho. Usiku ameangalia maji kwenye kibuyu ameona sura ya muuaji, anamjua, anamsalimia kila siku sokoni Majengo. Akimtaja hadharani anaenda yeye ndani. Akimwambia mkuu wa upelelezi wa mkoa, yule afande ataandika nini kwenye jalada? Ataenda kwa mwendesha mashtaka na kibuyu? Hakimu hapokei kibuyu kama kielelezo. Kwa hiyo anajua halafu hawezi kusema, na mtu mwingine atakufa wiki ijayo, inabidi akatafute ushahidi wa kawaida kabisa, risiti, laini ya simu, mlinzi aliyeona bodaboda, vya kumfikisha mahali ambapo yeye ameshafika siku nyingi. Mi nakwambia hiyo ni hadithi. Zile ambazo mchawi anarusha moto kwa mkono kesi inaisha zinachosha, hakuna anachokosa.

Na ule ushirikiano usiuandike kama mkataba. Hakuna RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, atakayesimama mbele ya waandishi wa habari aseme tumemwajiri mganga. Uwe wa chini chini, sajenti mmoja ambaye mama yake aliwahi kutibiwa pale, anakuja na nguo za kiraia, anaegesha pikipiki mbali.

*

*Vipi Anko, mimi bodaboda kijiwe cha Ihumwa. Mauaji yatokee mwezi mpevu si ndo yenyewe? Na risasi ya fedha tutaitoa wapi?*

Risasi ya fedha, ile ya madini inayosemwa ndo inamuua mtu anayegeuka mbwa mwitu, iache huko huko, mambo ya sinema hayo. Ule mwezi mpevu nao ulikolezwa na sinema za Marekani miaka ya 1940, kesi za zamani za Ulaya hazikuuhitaji, kuna Mjerumani Peter Stumpp aliuawa 1589 karibu na Cologne, yeye alisema anageuka mbwa mwitu kwa kuvaa mkanda aliopewa na shetani, mkanda tu.

Ila mwezi usiutupe bwana, kuna kitu kitamu kuliko cha sinema na kimetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2011 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walichapisha utafiti wa simba kushambulia watu huko kusini, Lindi na Mtwara, mashambulizi ya miaka kama 20. Wakakuta hatari kubwa sio usiku wa mwezi mpevu, ni siku zinazofuata. Kwa sababu mwezi ukishapita mpevu unachelewa kutoka, kila siku kama dakika 50 zaidi, kwa hiyo jua likizama kunakuwa na masaa ya giza totoro na wakati huo watu bado wako nje, wanatoka kilabuni, wanarudi shamba, na simba ana njaa maana zile siku za mwanga mkubwa hakuwinda vizuri. Sasa we weka mtaa mzima Ihumwa wamejifungia mwezi mpevu, hakuna kitu, asubuhi wanacheka, wanalegea. Siku mbili tatu mbele saa mbili usiku abiria anakuita kijiweni. Mganga awe ndo peke yake anayejua hiyo hesabu. Yeye na muuaji.

*

*Hamjambo. Mwanangu anaandika hadithi kama hiyo kwa ajili ya shule na amemweka muuaji bibi kikongwe mwenye macho mekundu anayeishi peke yake. Sijapenda ila sijui nimwambieje.*
— Mama, Mpwapwa

Hatujambo mama, shikamoo. Mwambie Anko naye hajapenda. Bibi zetu wanapata macho mekundu kwa moshi wa kuni miaka 50 jikoni, na kwa macho hayo hayo wengi wameuawa kwa mapanga hasa kanda ya ziwa na magharibi. Akiandika hivyo anarudia uongo ambao umeshaua. Na hata kwenye ufundi ni uvivu, msomaji ameshamjua muuaji ukurasa wa pili.

Mpe swali moja tu: nani anafaidika watu wakiamini ni mnyama? Singida miaka ya 1940 mwishoni watu waliuawa wakaachwa na majeraha kama ya makucha, ikasemwa ni watu-simba, serikali ya kikoloni ikakamata watu na baadhi wakanyongwa, na wasomi waliendelea kubishana, Harold Schneider aliirudia kesi nzima 1962. Njombe nako, huko simba walikuwa simba kweli, afisa wanyamapori George Rushby alipewa kazi ya kuwasaka 1947 akaua kama 15 hivi. Ila wananchi waliamini simba wale wametumwa na mganga mmoja, Matamula Mangera, aliyekuwa amevuliwa uongozi, anataka kiti chake. Hesabu inayotajwa ni watu 1,500 katika miaka kama 15. Ona hapo mama, hata pale mnyama alipokuwa mnyama, watu walitafuta mwenye shida yake nyuma ya mnyama.

Sasa Dodoma ya leo shida ya watu ni nini? Viwanja! Tangu 2016 serikali ilivyosema inahamia moja kwa moja, CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja vya makao makuu, ikavunjwa 2017, Mtumba ikawa Mji wa Serikali, shamba la uwele la babu limegeuka pesa ambayo babu mwenyewe haielewi. Muuaji mi ningemfanya dalali, kijana msafi, anachangia misiba yote. Wanaoliwa na fisi ni wazee waliokataa kuuza, majirani wanaogopa wanauza bei ya kutupa wakimbie, yeye ananunua kwa majina ya watu wengine. Mganga anaenda kuangalia nyayo, sajenti anaenda masjala ya ardhi, wanakutana kwenye jina moja.

*Kwa hiyo Anko fisi-mtu hayupo kabisa?* (hili wameuliza wengi)

Nani kasema? Dalali anaweza akawa anamiliki fisi kweli na kumkamua juu. Hadithi ni yako, ila awe na sababu.

*Mganga alipwe na polisi shilingi ngapi?* — Msomaji, Kisasa

Atapewa mafuta ya pikipiki lita mbili, na ataambiwa asubiri bajeti.