Baki hapo hapo Ahmedabad

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako nimeupata, babako anakusalimu sana. Umeniuliza: semina ikiisha utakuwa na siku mbili Ahmedabad, je, ukimbilie Agra ukaione Taj Mahal au ubaki? Baki, mama. Kwenda Agra ni usiku kucha kwenye treni, na kurudi vivyo hivyo. Utaiona India kwa dirishani.

Mji ule niliujua nilipompeleka mamako mdogo kutibiwa moyo. Saa za kuona wagonjwa zikiisha hufukuzwa wodini, basi nami natembea. Siku moja nikautokea msikiti wa Sidi Saiyyed, mdogo tu, magari yanauzunguka kama kisiwa. Ukutani mna madirisha ya jiwe yaliyotobolewa kama kofia ya vito: mti umejisokota matawi, mtende umesimama katikati yake. Mzee mmoja getini akanitazama usoni, akacheka, akaniambia aliyeujenga ni mtu wa kwenu. Nikadhani utani. Kumbe kweli, Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, na kazi ile ni ya miaka ya 1570. Wasidi, vizazi vya Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao watumwa, bado wapo Gujarat, jimbo la mji huo, na ngoma yao wanaiita goma. Goma, Salma! Nenda jioni usimame uani, jua la magharibi linapopenya kwenye yale matundu.

Asubuhi yake chukua bajaji hadi Adalaj, kaskazini ya mji. Ni kisima, lakini unakishukia kwa ngazi, ghorofa tano kwenda chini, nguzo zote zimechongwa, na kila ukishuka joto linapungua. Kilimalizika yapata 1499. Husimuliwa kwamba sultani aliyemuua mume wa malkia Rudabai alitaka kumwoa. Malkia akamwambia nimalizie kisima kwanza. Kilipokwisha, akajitosa humo.

Mto Sabarmati usikudanganye kwa kujaa. Maji yale huletwa kwa mfereji kutoka mto Narmada. Wenyewe ulikuwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Ukingoni pake ndipo alipoishi Gandhi, na hapo ndipo alipoondoka kwa miguu tarehe 12 Machi 1930, na wenzake 78, wakatembea siku 24 hadi baharini Dandi kuokota chumvi, kuipinga sheria ya chumvi ya Waingereza. Nyumba yake haina kitu, ndiyo maana inakaa moyoni.

Usiku kale Manek Chowk. Mchana ni mtaa wa masonara, wakifunga tu meza za chakula zinatandazwa. Mchuzi wa dengu wanautia sukari, usishtuke.

Nipigie picha ya lile dirisha la mti. Ile yangu ilitoka kidole kitupu.

Mamako