Mjomba, ukipewa mashine ya kurudi zamani ungefanya nini?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Hapa kijiweni kwetu kuna mjadala hauishi, mtu ukipewa mashine ya kukurudisha zamani ungefanya nini kiwasaidie binadamu wengi. Mmoja kasema anaenda kummaliza Hitler akiwa bado mtoto, mwingine anabeba kontena zima la antibaiotiki. Mi nimekosa jibu. We ungefanyaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelala nalo siku mbili.

Kuua mtoto mimi siwezi, hata awe nani, na hasira za Wajerumani baada ya kushindwa vita 1918 zingebaki palepale zikimsubiri mtu mwingine. Kontena nalo litaisha. Mi nataka kitu ambacho nikishaondoka watu wanabaki nacho na wanaweza kukitengeneza wenyewe.

Kwahiyo naenda Unguja, 1869. Mwaka ule kipindupindu kilishuka na njia za misafara kutoka bara mpaka Pangani kikavuka kuingia Unguja, daktari James Christie alikuwa anafanya kazi hapohapo na 1876 akatoa kitabu kinachofuatilia njia zote ugonjwa ulikopita. Yani unasoma watu wanaisha na wewe unaijua dawa, na dawa yenyewe ipo jikoni kwao! Kipindupindu kinaua kwa kumkausha mtu, mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja, alafu madaktari wa Ulaya enzi zile walikuwa wanamtoa mgonjwa damu na kumpa dawa za kuharisha. Mtu anakauka na wao wanazidi kumkausha.

Dawa ni maji lita moja yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, vijiko vyote vya kufuta juu visiwe na kilima. Basi. Siri iko kwenye sukari, kule tumboni ndo inaivuta chumvi iingie mwilini na maji yanafuata, ndo maana maji ya chumvi peke yake hayasaidii. Unguja 1869 sukari ilikuwepo, chumvi ipo, kuni zipo. Wanasayansi walikuja kuielewa miaka ya 1960, karibu miaka mia baadae, na 1971 wakati wa vita ya Bangladesh kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, dripu zilipoisha daktari Dilip Mahalanabis akachanganya sukari na chumvi kwenye mapipa akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka kama 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Ndugu zao wenyewe mwanangu, sio madaktari! Mama yangu alimnywesha mdogo wangu hivyohivyo usiku kucha kijiko kwa kijiko mpaka alfajiri tukampeleka hospitali, na leo ana wajukuu.

Kule ningeanza na wakunga na kina bibi wanaouguza, alafu manahodha, maana majahazi yaliyosambaza ugonjwa kwenda Kilwa na Komoro ndo hayohayo yangesambaza na vipimo. Waliokwisha kuzimia nisingewaokoa, asiyeweza kumeza hanyweshwi, na hilo linaniuma hata kulifikiria.

Kinachonitia hofu zaidi ni vipimo kuharibika vikipita mdomo kwa mdomo, chumvi ikizidi inamuumiza mgonjwa, mtoto hasa. Kwahiyo mzigo wangu ni kijiko kimoja cha chai na chupa ya lita moja. Kijiko nawapelekea masonara wa mjini wanakili vingi wawezavyo, chupa wapimie vibuyu vyao wavitie alama, na vipimo tunavitia kwenye wimbo wa ngoma ili hata mtoto avijue.

Hao wenzako wakikubishia niandikie tena, ila kwanza waulize nani anavijua hivyo vipimo kwa kichwa.