Bangili ya bibi na mkanda wa mashine

SWALI: Fundi, shikamoo. Naendesha mashine ya kusaga hapa Isevya, Tabora. Mkononi nina bangili ya shaba niliyovishwa na bibi nilipougua nikiwa darasa la tano, pamoja na saa, kwa sababu tajiri anataka nimwandikie muda wa kuwasha na kuzima. Sasa huyohuyo kaniambia nivue vyote kazini. Bangili haipiti tena kwenye kiganja. Ni hatari kweli, au ananitafutia sababu?
Msagaji, Isevya

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Tajiri kasema kweli, ila hajamaliza.

Mota inayozunguka mara 1,440 kwa dakika inazunguka mara 24 kila sekunde. Ifunge puli, lile gurudumu la kuzungusha mkanda, ya kipenyo cha sentimita 20, mkanda utakimbia karibu mita 15 kwa sekunde. Mkono gani utawahi kujinasua hapo? Shati chakavu likinaswa huenda likachanika, ukapona. Shaba haichaniki; kinachoachia ni nyama. Pete ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaweza kuvua ngozi ya kidole kama soksi. Na usikimbilie glavu ukiwa karibu na puli, nazo hunaswa.

Nilipokuwa karakana ya mbao, mwenzangu alikuwa anatoboa ubao wa mninga kwa mashine. Akapeleka mkono apanguse vumbi, ncha ya keekee ikadaka mkanda wa saa. Bahati yake kipini kilikuwa kimeoza: kikakatika, saa ikaruka ikagonga bati la paa. Tukacheka sana. Jioni akatuonyesha kifundo cha mkono, alama ya kifungo cha mkanda imezama na kuwa nyeusi kama mhuri wa posta. Kesho yake akapigilia msumari karibu na swichi, saa ikawa inakaa hapo. Nawe pigilia wako. Muda utausoma ukutani.

Bangili usiivute kwa hasira, mkono utavimba. Jaribu alfajiri kabla ya joto: inua mkono juu dakika chache, paka sabuni ya maji, kunja dole gumba ndani ya kiganja, isogeze taratibu huku ukiizungusha. Ikigoma, nenda kwa sonara aikate sehemu moja tu. Itabaki na mwanya, utaivaa ukitoka kazini na kuivua ukiingia. Bibi alikuvisha upone, na umepona.

Sasa tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri awekee kinga sehemu hatari za mashine. Mashine ngapi nimeziona mkanda uko wazi, kina mama wanapita na ndoo, ncha ya kanga inapepea hatua moja kutoka kwenye puli! Nondo kidogo na wavu, mchomeleaji anamaliza kwa siku moja. Ukishavua, mwonyeshe mkono mtupu, kisha umuulize kwa adabu: kava la mkanda tunafunga lini, bosi?