Maji kurudi kwa matundu ya sitaha: usizibe, anza na uzito wa tezi (nyuma ya boti)

Mkuu umeuliza boti yako ya faiba futi 23, tangu utoe stroki mbili uweke mashine ya stroki nne, ukisimama tu maji yanapanda kwa yale matundu mawili ya nyuma ya kutolea maji ya sitaha (sakafu ya boti) mpaka kwenye vifundo vya miguu, na fundi kakwambia ayazibe kwa faiba moja kwa moja. Nakuomba sana usikubali. Mimi nliziba ya kwangu na boti ikazama imefungwa kwenye boya, hakuna mtu ndani.

Ilikua Kilindoni, Mafia, napeleka wageni kuwaona papa potwe. Sasa wageni ukishawaambia potwe huyo wote wanakimbilia tezi wavae miwani na mapezi, watu sita wamesimama jirani na mashine ambayo yenyewe ni nzito, tezi inadidimia, matundu yanakua chini ya usawa wa maji na bahari inaingia kwa njia ileile ya kutolea. Afu ukipunguza mafuta ghafla lile wimbi lako la nyuma linakufikia linasukuma mengine. Nikachoka, nikagonga vizibo vya mbao na silikoni juu. Msimu wote wa potwe sitaha ikawa kavu. Masika ikaingia.

Fanya hesabu uone. Sitaha yangu ni mita 4 kwa 1.8, mvua ya milimita 100 ikishuka hapo haina pa kutokea ni lita 720, yani kama kilo 720, watu wazima kumi hao, na hawa hawakai walipo, boti ikiinama kidogo wote wanahamia upande ulioinama ndo wanazidi kuuinamisha. Asubuhi nilikuta omo (mbele ya boti) tu inaonekana na mashine imelala kwenye chumvi.

Kwaio kitu cha kwanza sio raba wala koki, ni uzito. Sitaha inayojitoa maji inafanya kazi kwa sababu moja tu, iko juu kuliko bahari ya nje. Ikishuka chini ya hapo hakuna kifaa kitakachoyatoa maji yenyewe, maana maji hayapandi mlima. Chagua siku ya shwari, jaza mafuta, weka nanga, barafu na kila unachobebaga, simamisha watu wako tezi afu chora mstari wa penseli maji yanapofika nje, linganisha na sitaha. Mimi nilikuta vidole viwili chini! Nilihamisha betri mbili na tangi la petroli la lita 60 kuzileta katikati (petroli lita 60 peke yake ni kama kilo 45), na wageni nikaanza kuwashusha wawili wawili, wengine wanakaa mbele mpaka zamu yao. Hapo tu tezi ikanyanyuka, vidole vitatu juu ya maji. Sijanunua kitu.

Ukishapata huo unafuu ndo unafikiria vilango. Kilango cha raba kinafungwa nje ya tundu, kimeshikwa juu tu, maji ya ndani yanakisukuma yanatoka, wimbi la nje linakibana kinafunga. Usikate kwenye tyubu ya gari, nlijaribu, jua linaikunja baada ya wiki chache inabaki wazi, tafuta raba ngumu ya milimita tatu hivi. Kuna na vile vya kimpira kinachoelea ambacho maji yakipanda kinabana tundu, vizuri kwa boti inayokaa majini muda mrefu. Lakini vyote kipande cha mshipi wa kuvulia au gamba la samaki kikinasa havifungi, kwaio kila ukirudi pitisha kidole. Na vile vikombe vyeupe vinavyogandia ubavuni vinapenda sana huko ndani ya bomba, vikwarue mapema.

Tundu lako ni dogo pia, umesema inchi moja. Ukiweka la inchi mbili nafasi ya kupita maji inakua mara nne, sio mara mbili, na siku ya kusi wimbi likipanda juu ya boti unataka litoke kabla la pili halijaja.

Jambo ambalo hukuuliza ila naliogopa zaidi: angalia ule mpira wa bomba unaounganisha tundu la sitaha na tundu la ubavuni. Ukipasuka humo chini, maji hayaji sitahani ukayaona, yanaenda ngamani (chini kabisa ndani ya boti) kimyakimya, na kila yanavyoongezeka tezi inazama zaidi na yanaingia kwa kasi zaidi. Weka mpira mgumu wenye waya, klipu mbili kila mwisho za chuma kisichoshika kutu, na koki pale ubavuni ili mpira ukifa uwe na pa kufunga. Na pampu ya ngama yenye swichi ya kuelea iungwe moja kwa moja kwenye betri, isipitie swichi kuu, maana usiku boti iko peke yake.

Vizibo unaweza kuvibeba, vya kuchomeka na kuchomoa kwa mkono, ukiwa umesimama na watu wengi nyuma. Ukiondoka kwenye boti visibaki.

Pima kwanza na watu wako wakiwa tezi, uniambie sitaha imebaki vidole vingapi juu ya maji, na betri umeziweka wapi.