Maswali Yenu: Intaneti ya nyumbani kwenye somo la takwimu

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Nafundisha hisabati hapa Amu, mjini Lamu. Nimechoshwa na mifano ya urefu wa miche, nikataka darasa lifanye utafiti wake: nyumba ngapi zina intaneti? Nilituma fomu ya mtandaoni kwenye kundi la wazazi. Majibu 74 yamerudi, na 71 yanasema intaneti ipo. Mbona sina imani nayo? — Mwalimu, Langoni

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Una haki ya kutoyaamini. Aliyejaza fomu hiyo alikuwa mtandaoni. Asiye mtandaoni hata swali hakuliona. Ni kama kusimama bandarini ukawauliza wanaoshuka mashuani kama wao huvuka bahari. Usiyafute lakini. Waonyeshe wanafunzi, kisha uwaulize: wale 3 waliosema hawana intaneti, walijazaje fomu? (Huenda ni waifai ya jirani, au simu ya mgeni.)

Anza upya kwa karatasi, na kabla ya hojaji elewaneni maneno mawili. La kwanza ni kaya. Kaya si nyumba: ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Jumba moja la mawe pale Mkomani laweza kuwa na kaya tatu, moja kila ghorofa. Na ukiwa na wanafunzi wenye asili ya Malindi au Kilifi, wafafanulie mapema, maana kwao kaya ni msitu wa wazee wa Kimijikenda.

La pili, na ndilo gumu, ni "kuwa na intaneti". Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, huhesabu kuwa kaya ina intaneti ikiwa wanakaya kwa jumla wanaweza kuitumia nyumbani wakati wowote, iwe kwa waya au kwa mtandao wa simu. Sasa mchukue mvuvi mwenye simu pekee ya nyumba yenye bando. Akienda baharini siku tatu, simu imekwenda naye. Kaya hiyo inayo au haina? Liache darasa libishane, kisha mvunje swali hilo kubwa vipande vitatu: nyumbani kuna vifaa gani (kabambe, yaani simu ya vitufe, simu ya kugusa, kompyuta), vinaingia mtandaoni kwa njia gani (bando, waifai yao, waifai ya jirani), na mwenye simu akitoka, waliobaki wanaweza kuingia? Majibu ya swali la tatu ndiyo yatakayokushangaza.

Usitosheke kuwauliza wanafunzi habari za kwao. Kaya yenye watoto wanne shuleni itahesabiwa mara nne, na bibi anayeishi peke yake hatahesabiwa kabisa. Kama huna njia nyingine, ongeza swali "kwenu mko wangapi hapa shuleni?", na kila jibu ulipe uzito wa 1 ukigawa kwa idadi hiyo: wakiwa wanne, kila jibu ni robo. Hilo linawatibu wale wa mara nne tu. Bibi bado yuko nje.

Lililo bora ni kupita mitaani. Gaweni timu za Mkomani, Langoni, Gadeni na Wiyoni, kila timu iandike orodha ya milango, ipige kura namba kati ya 1 na 5, ianzie mlango huo, kisha ichukue kila mlango wa tano baada yake. Ulizeni nyuma ya mlango huo kuna kaya ngapi, na mhoji zote. Mlango uliofungwa usibadilishwe na wa jirani. Urudiwe baada ya Magharibi. Wanaoshinda kazini mchana si sawa na wanaoshinda nyumbani, na ukiwaruka umepindisha hesabu bila kujua. Watumeni wawili wawili, na kila jozi iwe na msichana: mzee aliyekaa dakani atajibu kwa ukarimu, lakini anayejua bando la wiki linaishaje mara nyingi yuko ndani.

Kwenye kuingiza majibu ndipo kazi nyingi huharibika. "Ndiyo", "ndio", na "Ndiyo" yenye nafasi tupu mwishoni, kompyuta huyahesabu majibu matatu tofauti. Tumieni namba: 1 ndiyo, 0 hapana, 9 sijui. Uzuri wa 1 na 0 ni kwamba wastani wake ndio uwiano wenyewe. Ubaya wa 9 ni huu: tuseme kaya ni 120, ndiyo 48, hapana 66, sijui 6. Ukisahau kuziondoa zile 9, wastani ni 102 kwa 120, yaani 0.85. Asilimia 85 haishtui mtu, ndiyo maana ni hatari. Jibu sahihi ni 48 kwa 114, asilimia 42.1.

Mkishapata namba safi, fungeni kompyuta. Kateni kadi 114 za manila, moja kwa kila kaya iliyojibu, ikiandikwa 1 au 0 yake, mzitie kwenye pakacha. Kila mwanafunzi achomoe kadi 10, moja moja, akiirudisha na kutikisa kabla ya kuchomoa nyingine, kisha aweke ubaoni nukta ya uwiano wa kadi zake zenye 1. Nukta nyingi zitatawanyika kati ya 0.1 na 0.7. Rudieni kwa kadi 40: sasa ni takriban 0.27 hadi 0.57. Sampuli imekuwa mara nne, mtawanyiko umepungua nusu tu. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2: hapo kinaonekana kwa macho.

Nimehoji kaya 60 kati ya 900 za mtaa mmoja wa mjini. 36 zina intaneti. Katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate nimehoji 60 kati ya 300, 15 zinayo. Naandika asilimia 42.5? — Mwanafunzi wa chuo, Faza

Usiandike. 51 kwa 120 inahesabu kijiji kama kwamba kina kaya nyingi sawa na mtaa. Mtaa ni robo tatu ya kaya zote, kijiji robo: 0.75 × 0.60 + 0.25 × 0.25 = 0.5125. Andika asilimia 51, na uongeze kwamba inaweza kupanda au kushuka kwa takriban 10.

Tofauti ya sehemu hizo mbili ipime kwa kai mraba, kipimo kinachoonyesha kama tofauti ni kubwa kuliko inayoweza kuletwa na bahati tu. Kama pasingekuwa na tofauti, matarajio ni 25.5 zenye intaneti na 34.5 zisizo nayo kila upande. Jibu ni 15.04, mbali juu ya kikomo cha kawaida cha 3.84. Si bahati nasibu. Lakini haikuambii kama sababu ni minara, umeme au mfuko. Na ikiwa kaya kadhaa za kichochoro kimoja zinatumia waifai moja, majibu yao hayajitegemei. Litaje hilo kwenye ripoti.

Kuhusu intaneti, Sensa ya Kenya ya 2019 mara inatajwa kwa asilimia 17.9, mara 22.6. Ipi ni ya kweli? — Msomaji, Mokowe

Zote. Ya kwanza ni ya kaya zenye intaneti. Ya pili ni ya watu wa miaka 3 na kuendelea wanaoitumia, popote walipo. Mtu anayeingia mtandaoni kazini anahesabiwa kwenye ya pili hata kama kwake hakuna kitu.

Mwanangu kaja na karatasi inayouliza jina langu, namba ya simu na bando tunalonunua. Ni lazima nijaze? — Mama, Shela

La, mama, si lazima. Utafiti wa darasani hauhitaji jina wala namba ya simu. Namba ya fomu yatosha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtoto zichukuliwe kwa idhini ya mzazi au mlezi. Kata mistari hiyo miwili, jaza iliyobaki ukipenda, na umwambie mwalimu kwa nini umeikata.