Chomoa kipanya kabla hujampelekea mteja programu

Juzi kijana mmoja wa Mpwapwa kaniandikia: "Kaka, programu ya duka nimemaliza, ila mteja analalamika kwamba akibonyeza Tab inampeleka kusikojulikana. Nifanyeje?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo mimi lilinikosesha hela ya miezi 3.

Nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja wa Kibaigwa programu ya stakabadhi za mahindi. Lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kuchora madirisha na vitufe, kwenye kompyuta ya mezani niliyoiwekea Linux mwenyewe. Ilikuwa nzuri, jamani. Rangi zimetulia, jumla inajipiga yenyewe, kila kitu kwa kilo za mizani, hakuna cha lumbesa. Usiku wa kuamkia safari nilikesha nayo chumbani kwangu Nkuhungu, naijaribu kwenye laptopu yangu kwa kipanya. Shwari kabisa.

Asubuhi akakaa karani. Mama mtu mzima, kaunta buku imemzeekea mkononi. Macho kwenye daftari, mkono wa kulia kwenye zile namba za pembeni ya kibodi, skrini wala haitazami. Akaandika uzito, 1140, akagonga Enter ya pembeni. Akaandika bei, 750. Kwenye kisanduku cha uzito pakasomeka 1140750.

"Mwanangu, hii inanisikia kweli?"

Kumbe kwenye Linux, Tkinter inaihesabu Enter ya upande wa namba kuwa kitufe kingine, KP_Enter. Mimi amri ya kuhamia kisanduku kinachofuata nilikuwa nimeifunga kwa Return peke yake, yaani Enter kubwa ya kawaida. Laptopu yangu haina namba za pembeni, ningejuaje? Haya, ningejua kama ningekaa na yule mama nusu siku kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Nikarekebisha palepale, malori yamepanga foleni nje. Sasa Enter ikawa inahama. Uzito, bei, kisha kisanduku cha jina la mkulima. Mama anaandika jina, kwenye skrini halitokei hata herufi moja. Alipogonga nafasi kati ya jina na la baba, stakabadhi nzima ikafutika. Akarudia, ikafutika tena.

Kijana wa Mpwapwa, jibu lako liko hapo. Fokasi, yaani ni kisanduku au kitufe gani kinapokea unachoandika, kwenye Tkinter haiangalii umekipanga wapi kisanduku kwenye dirisha. Inafuata mpangilio uliotumia kuviumba. Jina la mkulima, yule mzee mfanyabiashara alilitaka siku za mwisho, nikaliumba baada ya vitufe vyote, kisha kwa grid, amri ya kupanga vitu dirishani, nikalichomeka chini ya bei. Kwa macho ni la tatu, kwa Tab ni la mwisho. Fokasi ilitoka kwenye bei ikatua kwenye kitufe cha Futa, na kitufe chenye fokasi hubonyezwa kwa spesi. Herufi zilipotea hewani, spesi ikafuta kazi ya watu.

Mzee alinipa nusu ya hela. "Tulia kwanza kijana, nitakuita." Mpaka leo.

Dawa yenyewe ni mistari michache, ndiyo maana inauma. Umba visanduku kwa mfuatano wa daftari la mteja, siyo wa mawazo yako. Kitufe cha hatari kama Futa kipe takefocus=0, Tab ikipite. Ukishahifadhi, rudisha fokasi kwenye kisanduku cha kwanza kwa focus_set(). Na kile kidirisha cha "Imehifadhiwa" kinachosubiri kugongwa OK, kitoe; namba zote atakazoandika karani bila kukiona zinapotea. Weka maandishi madogo chini, inatosha. Ile focus_force() achana nayo, inapora fokasi hata kwenye programu nyingine. Ni ukorofi tu.

Lakini sisi vijana tunapenda sifa. Tunashindana kwa rangi na kona za mviringo, tunapiga picha za skrini tunarushia kwenye magrupu, wakati mtu atakayeitumia kutwa nzima haitazami hiyo skrini. Kaa na karani. Mtazame mikono.

Siku hizi nachomoa kipanya, nafunika skrini kwa kitenge, naingiza stakabadhi 10 kutoka kwenye daftari halisi la mteja. Moja tu ikikosewa, programu haitoki ndani. Mwezi uliopita nilifunga nyingine kwenye stoo ya alizeti. Dada wa pale aliingiza stakabadhi 60 kabla ya adhuhuri, na kipanya kilikuwa bado kwenye boksi, waya umefungwa vilevile kama kilivyotoka dukani.