Stupa za Wabudha: Maswali Yenu na Majibu

Tulipotoa picha ya stupa kuu ya Sanchi, kuba kubwa la mawe lililoko katikati ya India, maswali yalikuja mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Mbona halina mlango?

Halikujengwa ili watu waingie. Ndani limejaa matofali yaliyopangwa tangu zama za Mfalme Ashoka, karne ya 3 KK, na mawe ya nje yaliongezwa baadaye. Asili ya stupa ni kaburi. Wabudha husimulia kwamba mwili wa Budha, mwanzilishi wa dini yao, ulipochomwa baada ya kifo chake, masalia yake yaligawanywa mafungu nane, na kila fungu likajengewa tuta. Ibada hufanyika nje: waumini huzunguka taratibu, kuba likiwa mkono wao wa kulia.

Kwa hiyo kila stupa ina masalia ya Budha?

Hapana. Nyingine zina masalia ya wanafunzi wake, nyingine maandiko. Mwaka 1851 Waingereza wawili, Cunningham na Maisey, walichimba stupa kuu ya Sanchi wasipate kitu. Katika stupa ndogo iliyo jirani wakakuta masanduku ya mawe yenye majina ya Sariputta na Moggallana, wanafunzi wakuu wa Budha. Mifupa ile ikapelekwa Uingereza. Mwaka 1952 ilihifadhiwa tena Sanchi, katika hekalu jipya, na kila Novemba mahujaji huoneshwa. Nafurahi ilirudi, mifupa ya marehemu haikustahili kuwa ya maonesho ugenini.

Kwenye malango ya Sanchi, Budha yuko wapi?

Swali zuri kuliko yote. Wachongaji wa malango yale manne ya uzio unaoizunguka stupa, karne ya 1 KK, hawakumchonga kwa umbo la mtu. Tafuta kiti kitupu, nyayo, gurudumu au mti wa Bodhi, yaani mti ambao Budha alipata uelewa kamili chini yake. Kwenye lango la mashariki kuna farasi asiye na mpandaji, ila ameinuliwa mwavuli wa kifalme juu yake: mpandaji huyo asiyeonekana ndiye Budha, anaaga jumba la baba yake. Ukishajua hilo, utayatazama mawe yale kwa saa nzima.

Na yale macho yaliyochorwa kwenye stupa za Nepal?

Ni macho ya Budha, yanatazama pande zote nne. Ngazi 13 zilizo juu yake ni hatua za kuelekea uelewa kamili. Mnara wa stupa ya Boudhanath, Kathmandu, uliharibiwa na tetemeko la 2015. Ukakarabatiwa na kufunguliwa Novemba 2016.

Afrika Mashariki kuna Wabudha?

Wapo. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na uani pana mti wa Bodhi. Ukienda, vua viatu kabla ya kuingia ukumbi wa ibada.